Siku ya Kupika Ichaguliwe na Hamira

Hotuba kwa wapika bia wa nyumbani, iliyoandikwa upya kwa ajili ya kusomwa

Mwenyekiti, ndugu zangu wapika bia, na ninyi wageni mliokuja kusikiliza, asanteni kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie hamira ya maji, ile inayouzwa hai ndani ya majimaji bila kukaushwa, namna ya kuitunza na kuiandaa. Naanza na jambo ninalotaka mlishike hata kama mengine yote mtayasahau. Wengi wetu tunapanga siku ya kupika kwa kutazama ratiba zetu. Jumamosi hii sina kazi, basi napika Jumamosi. Tunanunua kimea, tunakisaga, tunapima hopsi, yale maua ya kutia uchungu, kwa gramu, tunahangaika na chumvi za maji. Hamira tunaikumbuka jioni, jiko limeshazimwa. Tunaitoa kwenye friji, tunaikata paketi, tunaimimina, tunaenda kulala. Utaratibu huo umepinduka. Hamira ndiyo ichague siku. Kwanza ujue unayo kiasi gani iliyo hai, ina nguvu gani, na itakuwa tayari lini. Ukishajua hayo, ndipo uteleke sufuria.

Nasema hivyo kwa sababu kazi yetu sisi inaishia kwenye maji ya kimea, yale maji matamu yaliyochemka na hopsi na kupoa. Kuyageuza kuwa bia ni kazi ya kiumbe chenye seli moja, chenye upana wa maikromita 5 hadi 10 hivi. Kilevi ni chake, gesi ni yake, na sehemu kubwa ya harufu ni yake pia. Ile ndizi na karafuu tunayoisikia kwenye bia za ngano za Ujerumani haikutiwa na mtu. Ulaini wa laga nzuri nao unatoka hukohuko. Sasa kama mfanyakazi mkuu ndiye huyo, inakuwaje awe wa mwisho kufikiriwa?

Labda tumerithi. Sheria maarufu ya Bavaria ya mwaka 1516 ilitaja shayiri, hopsi na maji. Hamira haimo. Wapishi wa zama zile waliliona povu na mashapo, na walijua kuyahamisha kutoka pipa hadi pipa, ila hawakujua kwamba wameshika kiumbe hai. Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alichapisha kitabu chake kuhusu bia mwaka 1876, na humo alieleza kwamba bia huugua kwa sababu ya vijidudu vinavyoingia. Yeye aliwatazama zaidi bakteria. Miaka michache baadaye, katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, Emil Christian Hansen alionyesha kwamba adui anaweza kuwa hamira nyingine, hamira pori iliyojichanganya na ile njema. Mwaka 1883 akafanikiwa kutenga seli moja na kuikuza mpaka ikatosha kupikia kiwandani. Tangu hapo mpishi anaweza kusema hamira yangu ni ya ukoo mmoja. Na kiwanda kile hakikuificha. Kiliwagawia wapishi wengine bila malipo. Mimi huwa nafurahi kila ninapolikumbuka hilo.

Paketi ndogo unayoinunua leo ni matunda ya kazi ile ya Hansen. Imetoka maabara ikiwa safi, ya ukoo mmoja, na hai. Baada ya hapo hakuna mwingine wa kuilinda ila wewe.

Humo ndani mna nini hasa? Mna seli, na maji yenye chakula kidogo mno. Paketi nyingi za kupikia lita 20 hivi zimekuwa zikitoka na seli kama bilioni 100. Siku hizi watengenezaji wengine wanaweka mara mbili ya hapo, kwa hiyo lebo isomwe. Seli hizo zinaishi kwa akiba iliyomo miilini mwao, glaikojeni na trehalosi. Kila siku wanakula kidogo kutoka kwenye akiba hiyo. Yule inayomwishia anakufa, kisha anapasuka na kumwaga vya ndani yake juu ya wenzake. Baridi inapunguza kasi ya ulaji, ndiyo maana paketi inakaa friji, nyuzijoto 1 hadi 4. Joto linafanya kinyume: paketi iliyoshinda garini juani inaweza kupoteza siku moja kile ambacho ingekipoteza kwa wiki kadhaa friji. Unapoagiza wakati wa joto, omba ifungwe pamoja na vifuko vya barafu. Hiyo si gharama ya kuikwepa.

Lakini isigande. Barafu inapojijenga ndani ya seli inatoboa ngozi yake, na seli iliyotobolewa haiponi. Maabara zinaweza kugandisha hamira kwa sababu zinaichanganya na gliseroli na kuiweka kwenye baridi kali mno. Sisi wa nyumbani tusijaribu kwenye friza ya nyama. Na mjue kwamba friji nyingi zina sehemu inayogandisha bila kukusudiwa, kule nyuma karibu na ukuta. Paketi ikae mbele, au kwenye rafu ya mlangoni ikiwa mlango haufunguliwi kila dakika.

Kuna tarehe mbili ambazo watu huzichanganya. Moja ni ya kutengenezwa, nyingine ni ya kwisha muda. Inayokusaidia wewe ni ile ya kwanza. Ya pili inaweza kukupa moyo bure, kwa sababu hamira haifi yote siku moja; inapungua polepole. Kanuni ya mkono ambayo wapishi wengi wanaitumia ni kwamba robo hivi au moja ya tano ya seli hai hupotea kila mwezi hata ikihifadhiwa vizuri. Ni makadirio tu, na koo zinatofautiana: ziko zinazovumilia na ziko zinazodhoofika haraka. Hata hivyo makadirio hayo yanatosha kukuzuia usiitegemee paketi ya miezi minne kana kwamba imetoka maabara jana.

Sasa tufike kwenye hesabu, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo bia nyingi zinapoharibikia bila mpishi kujua.

Kiasi kinachokubalika na wengi kwa eli, bia inayochachushwa kwenye joto la wastani, ni seli hai milioni 0.75 kwa kila mililita ya maji ya kimea, kwa kila nyuzi moja ya Plato, kipimo cha sukari iliyomo. Kwa laga ni maradufu, milioni 1.5, kwa kuwa laga inachachushwa kwenye baridi ambako seli zinaongezeka kwa shida. Tuchukue mfano. Una lita 20, na haidromita, chombo cha kupimia uzito wa maji ya kimea, inasoma 1.048, ambayo ni karibu nyuzi 12 za Plato. Mililita 20,000 mara 12 mara 0.75: unapata milioni 180,000, yaani seli bilioni 180. Ukipika laga ya uzito uleule, unahitaji bilioni 360.

Rudi sasa kwenye paketi yako ya bilioni 100 iliyokaa friji miezi miwili. Mwezi wa kwanza imebaki na 80, wa pili na 64. Unataka 180, unazo 64. Theluthi moja hivi! Na kama ulipanga laga, hata moja ya tano hujaifikia.

Mtaniambia, lakini bia inachacha hata hivyo. Ni kweli, itachacha. Seli chache zitaongezeka hadi zitoshe. Shida ni kile kinachotokea zinapokuwa zinaongezeka kupita kiasi. Zinatoa esta, zile harufu za matunda, nyingi kuliko ulivyotaka, na vileo vizito vinavyochoma koo na kuacha joto lisilopendeza. Zinachelewa kuanza, na kila saa ya kuchelewa ni saa ambayo bakteria wamepewa meza iliyoandaliwa. Mwishoni, zikiwa zimechoka, zinashindwa kuisafisha ile daiasetili yenye harufu ya siagi, au zinasimama sukari haijaisha. Mpishi analaumu kimea, analaumu hopsi, anabadilisha mapishi. Mapishi hayana kosa.

Kuzidisha nako kuna hasara yake, ingawa kwa mpishi wa nyumbani hutokea mara chache: bia inakuwa nyepesi, haina harufu ya ukoo ule ulioununua kwa ajili ya harufu yake. Ukikosea kwa sehemu ya kumi huku au kule, usipoteze usingizi.

Dawa ya upungufu ni kununua paketi zaidi au kutengeneza kianzio. Kianzio ni bia ndogo unayoipika kwa ajili ya hamira peke yake. Hutainywa. Lengo lake ni seli nyingi, zenye afya, zilizoamka. Na ndicho kinachoamua siku, kama nilivyosema mwanzo: ukitaka kupika Jumamosi, kianzio kinaanza Jumatano, au mapema zaidi.

Namna yake ni hii. Kwa kila lita moja ya kianzio pima gramu 100 za dondoo kavu ya kimea, ule unga mweupe unaoyeyuka. Utapata kipimo cha karibu 1.037, na hapo ndipo pazuri. Kati ya 1.030 na 1.040. Wako wanaodhani kianzio kizito kitajenga hamira ya kazi nzito. Hakijengi. Sukari nyingi inaikamua seli na kuichosha, na sisi tunataka ikue kwa raha. Chemsha dakika 10 hadi 15, ukiwa umesimama hapohapo, maana maji ya kimea hufurika ghafla na kuchafua jiko zima. Tia virutubisho vya hamira kidogo ikiwa unavyo. Zinki hasa ni kitu ambacho maji ya kimea huwa nayo kwa uhaba. Hopsi hazihitajiki. Poza hadi nyuzijoto 20 au zaidi kidogo, kisha mimina hamira.

Kuna anayefikiria kutumia sukari ya chai badala ya kimea, kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Naomba usifanye hivyo. Sukari kuu katika maji ya kimea ni maltosi, na seli inahitaji vimeng'enya na milango maalumu ya kuiingiza ndani. Ukiilea kwa sukari nyepesi, inazima mitambo hiyo kwa kuwa haina kazi nayo. Ukiitupa kwenye lita 20 za maltosi, inasimama na kushangaa. Tena sukari tupu haina naitrojeni wala madini ambayo seli inayajengea mwili.

Kitu kingine ambacho kianzio kinahitaji ni hewa. Seli hutumia oksijeni kutengeneza steroli na mafuta ya kujengea ngozi yake. Kila inapojigawa, mama na mtoto wanagawana ngozi ileile. Bila oksijeni, baada ya kugawanyika mara chache ngozi inakuwa dhaifu, na seli inaacha kuzaa. Kwa hiyo kianzio hakifungwi kwa kizibo cha kuzuia hewa. Kifunike kwa foili iliyotakaswa, ikae kilegevu, ili hewa ipite lakini vumbi lisianguke. Mwenye kikorogeo cha sumaku akitumie. Kinakoroga mchana na usiku na kinaongeza mavuno sana. Asiye nacho atikise chupa kila anapopita karibu nayo. Sioni haya kusema kwamba kutikisa kwa mkono kunatosha kwa bia nyingi, na mtu asiache kutengeneza kianzio eti kwa sababu hana mashine.

Ukubwa wa kianzio nao una maana. Paketi ya bilioni 100 ukiitia kwenye nusu lita, seli zimebanana, chakula ni kidogo, na ongezeko ni dogo mno, umeziamsha, hujazizalisha. Kwenye lita mbili, bila kukoroga, zinafika maradufu hivi. Zile bilioni 64 za mfano wetu, zikiwekwa kwenye lita mbili zinazokorogwa vizuri, zitafika 180 bila taabu. Lakini paketi ya miezi sita au zaidi usiitupe moja kwa moja kwenye lita mbili. Huenda imebaki na robo tu. Seli chache ndani ya maji mengi zinachukua muda mrefu kuyatawala, na wageni wasioalikwa hupenda muda wa namna hiyo. Anza na nusu lita, subiri ichache, kisha hamishia kwenye lita mbili. Zinaongezeka siku mbili kwenye kalenda yako, na kalenda ikubali.

Baada ya saa 18 hadi 36 kazi imekwisha, na mara nyingi povu lilikuja na kuondoka ulipokuwa umelala. Kutoliona si dalili ya kushindwa. Tazama chini: maji yamebadilika rangi, yamekuwa kama maziwa, na ukiyaacha yatulie tabaka jeupe la krimu linajikusanya. Hiyo ndiyo mali yako.

Je, umimine yote au mashapo peke yake? Kwa kianzio kidogo cha lita moja katika eli yenye hopsi nyingi, mimina yote kikiwa bado kinatoa povu kwa uhai. Hamira inaingia na nguvu zake zote. Kwa lita mbili na kuendelea, na kwa laga daima, mimi naweka chupa friji usiku mmoja au miwili, hamira inashuka, kisha naimwaga ile bia ya juu taratibu na kubakisha mashapo na maji kidogo ya kuyakorogea. Bia ya kianzio imechacha kwenye joto na imepigwa na hewa. Ladha yake ni mbaya, na lita mbili za ladha mbaya ndani ya lita 20 utazionja.

Nisiwadharau watumiaji wa hamira kavu. Hamira kavu ya siku hizi ni nzuri, inadumu muda mrefu, na imejazwa steroli kiwandani kiasi kwamba haihitaji kianzio. Kuitengenezea ni kupoteza muda. Tunaichagua ya maji kwa sababu koo nyingi hazistahimili kukaushwa, na tunataka ladha zake. Anayetaka aina hiyo ya uchaguzi akubali pia kazi inayokuja nayo.

Sasa usafi. Nitasema kwa ufupi lakini kwa ukali. Kusafisha na kutakasa ni kazi mbili. Kusafisha ni kuondoa uchafu unaoonekana kwa sabuni na brashi. Kutakasa ni kuua vijidudu vilivyobaki juu ya kitu ambacho tayari ni safi. Dawa ya kutakasa haipenyi kwenye ukoko wa bia ya mwezi uliopita. Vijidudu vimejificha chini yake vikisubiri upite. Kila kitu kitakachogusa hamira baada ya kuchemsha kipite hatua zote mbili: chupa, foili, faneli, mikasi. Na paketi yenyewe, jamani! Imepita mikononi mwa watu wangapi, imelala friji pamoja na mboga na nyama. Ichovye nje kwenye dawa, na mikasi pia, kabla ya kukata. Fungua taratibu, maana gesi hujikusanya ndani na hamira inaweza kuruka hadi darini.

Ziko paketi zenye kifuko kidogo cha virutubisho ndani, ambacho unakipasua kwa kupiga, na paketi inavimba baada ya saa chache. Watu hudhani kuvimba ni kuongezeka. Kuvimba kunakuonyesha tu kwamba seli ziko hai na zimeanza kula. Idadi ni ileile karibu. Na isipovimba sana usiitupe; huenda imechelewa tu. Itie kwenye kianzio, nacho kitakupa jibu.

Siku ya kupika yenyewe ina mambo mawili ambayo hayasameheki, joto na hewa.

Kwanza poza maji ya kimea hadi kwenye joto la kuchachushia, au chini yake kidogo. Eli nyingi zinapenda nyuzijoto 18 hadi 20, laga 8 hadi 12. Usiimimine hamira kwenye maji ya nyuzijoto 28 ukitumaini yatapoa usiku. Saa zile za mwanzo ndizo seli zinapozaliana kwa wingi, na ladha mbaya nyingi hutengenezwa hapo. Tena uchachukaji wenyewe unatoa joto. Ndani ya ndoo mnaweza kuwa na nyuzijoto kadhaa zaidi ya chumbani. Kibaya kuliko vyote ni kuichukua hamira yenye joto na kuitumbukiza kwenye maji baridi ghafla. Seli zinashtuka, zinajikunja, nyingine zinalala chini na haziamki. Tofauti isizidi nyuzijoto tano hivi. Ikiwa hamira imetoka friji na maji ya kimea ni ya joto kiasi, hatari ni ndogo. Bado mimi huitoa mapema ikakaa mezani kwa saa chache.

Pili, tia hewa, na uitie yakiwa yamepoa tu. Maji ya moto hayashiki oksijeni, na yanaharibika kwa kuipata. Yakishapoa, yatikise kwa nguvu dakika kadhaa, au yamimine kutoka juu yapige povu, au tumia pampu yenye chujio. Kwa hewa ya kawaida utafika miligramu 8 za oksijeni kwa lita, na hicho ndicho kiwango ambacho bia ya uzito wa wastani inakihitaji. Bia nzito inataka zaidi, na hapo ndipo mtungi wa oksijeni safi unapostahili pesa zake. Hamira inaimaliza oksijeni hiyo ndani ya saa chache. Baada ya hapo usiiongeze tena kamwe, kwa sababu bia iliyochacha ikipata hewa inachakaa na kuwa na ladha ya karatasi iliyolowa.

Kisha subiri. Saa 12 hadi 24 bila povu si tatizo. Acha kufungua kifuniko kila baada ya nusu saa kuchungulia.

Nimebakiza jambo moja ninalolipenda kuliko yote, nalo ni kuvuna. Paketi moja ya hamira ya maji inaweza kukupikia bia kadhaa, kwa sababu kila bia inakuachia mashapo yenye seli nyingi kuliko ulizotia. Bia ikishahamishiwa kwingine, mimina maji kidogo yaliyochemshwa na kupozwa, zungusha ndoo, acha dakika chache. Uchafu mzito na mabaki ya hopsi yanashuka kwanza. Katikati panabaki tabaka la rangi ya krimu. Lichote tabaka hilo kwenye chupa ya kioo iliyotakaswa. Usikaze kifuniko! Hamira bado inatoa gesi, na chupa iliyokazwa inaweza kupasuka ndani ya friji. Andika ukoo, tarehe, na ni mara ya ngapi inatumika.

Tope zito lililotulia lina seli kama bilioni moja kwa kila mililita, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo mililita 150 hadi 200 zinaitosha ile bia yetu ya lita 20. Itumie ndani ya wiki mbili, na ikipita hapo itengenezee kianzio. Usivune kutoka bia nzito sana, ya 1.070 na kuendelea, wala ile yenye hopsi za kupindukia. Hamira imetoka vitani. Panga mapishi yako kutoka bia nyepesi kwenda nzito, ili ya mwisho ndiyo imalize safari ya ukoo huo. Na kabla ya kuitumia, nusa. Hamira nzuri inanukia mkate na bia changa. Ikinuka siki, mpira uliochomeka au nyama iliyokaa, mwaga, na usijadiliane na nafsi yako kuhusu bei uliyoinunulia. Wengi huishia vizazi vitano hadi kumi, kisha wanarudi kwenye paketi mpya, kwa kuwa kila kizazi kinabeba hatari ya kuingiza hamira pori ya aina ileile iliyomhangaisha Hansen.

Mwenye uwezo wa kupata hadubini ya kukuza mara 400 anaweza kuacha kukisia. Unachanganya tone la hamira iliyozimuliwa na tone la rangi ya methilini buluu. Seli hai inaivunja rangi hiyo na kubaki nyeupe. Iliyokufa haiwezi, inageuka buluu. Unahesabu mia mbili tatu, na unajua asilimia ngapi ziko hai. Nimeleta hadubini, ipo kwenye meza ya nyuma, pamoja na sampuli mbili za ukoo mmoja: moja ya paketi mpya, nyingine ya paketi iliyosahaulika friji. Njooni wawili wawili mhesabu wenyewe, na wenye paketi zao mifukoni wazilete, tuzipime kabla hamjapanga siku ya kupika.